Moshi Chini ya Jina la Maman Adolphine

Adolphine M'Zagabe. Baba yake ni Zagabe wa Kasha, yule aliyekataa kulala kifudifudi apigwe kiboko mbele ya watoto wake, akafungwa miezi minne, akarudi na kulima shamba lilelile. Babu yake ni Akonkwa, aliyevusha ng'ombe kumi na mmoja mto Ruzizi mwaka wa njaa bila kupoteza hata ndama. Nyanya yake upande wa mama alizalisha wanawake wa kilima kizima, na hakuna aliyemfia mikononi ila mmoja, na huyo mmoja alimlilia mpaka uzeeni. Adolphine mwenyewe ndiye msichana wa kwanza wa Kasha kusoma fizikia, wa kwanza kuifundisha, na wa kwanza kumwambia padri inspekta mbele ya darasa kwamba hesabu yake ubaoni ilikuwa na kosa. Padri alihesabu tena, akafuta. Hayo watu wote wa Bagira, sehemu ya Bukavu iliyo na Kasha, wanayajua. Yanayofuata wanayasimulia vibaya, kila mtu na chumvi yake, na si haki.

Vita ya kwanza ilipoingia Bukavu, mwaka wa 1996, shule aliyofundisha iliporwa siku tatu. Walibeba mizani, wakabeba mawe ya mizani, lenzi, nyaya, bomba za maji, wakang'oa hata milango. Adolphine aliporudi alikuta laboratwari imefagiliwa kuliko siku zote alizoifagia mwenyewe. Akasimama katikati ya kile chumba kitupu, akasema, "Sawa. Sasa tutafundisha katekisimu."

Maana ndivyo alivyoona. Fizikia bila vyombo ni katekisimu: mtoto anakariri, anasema amina, anarudi nyumbani na ujinga wake. Alifundisha hivyo miaka mitatu na roho ikimuuma. Katikati ya miaka hiyo vita ya pili ikaja, mji ukashikwa na wengine, mishahara ikawa hadithi ya zamani, naye bado alipanda kilima kila asubuhi na kipande cha chaki ndani ya leso.

Katika darasa la mwaka wa sita, la mwisho, alikuwa na wanafunzi kumi na wawili. Wakati ule mtihani wa serikali, ule tunaouita Exetat, ndio ulikuwa mlango pekee uliobaki wazi. Mvulana asiyepita alichukuliwa na jeshi hili au lile. Msichana asiyepita aliolewa na wa kwanza aliyebisha hodi. Adolphine aliwaambia wazazi wa wale kumi na wawili, mmoja mmoja, nyumbani kwao: "Huyu nitampitisha." Hakusema Mungu akipenda. Alisema nitampitisha.

Ndipo Luc akaja.

Luc alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, kichwa chepesi cha hesabu, mwenye mikono isiyotulia. Alikuwa akiandika barua kwenye ordinateri, yaani kompyuta, za ONG moja, shirika la misaada. Wazungu wa ONG walipokimbia mwaka wa 1998, mashine mbili zilibaki kwake, naye akafungua sale, ukumbi wa michezo ya kompyuta, Kadutu, juu ya soko. Alipofika Kasha siku ile alikaa kwenye ukingo wa kiti, kama bado yuko darasani.

"Maman, mashine yangu inaweza kuonyesha kintu yoyote. Weye unipe sheria za mwendo, miye nitaziandika ndani. Tutengeneze muchezo ya chombo cha anga. Batoto bacheze, bajue."

Adolphine alimwambia asogeze kiti, sakafu ibaki wazi. Kisha akatoa chaki kwenye leso.

Miezi sita walifanya kazi Jumamosi. Yeye aliandika kwenye sakafu ya saruji, Luc alinakili kwenye daftari, akashuka Kadutu, akaingiza kwenye mashine siku umeme ulipokuwepo. Hawakugombana, ila mara mbili tu. Mara ya kwanza ilikuwa juu ya mkia.

"Nyuma ya chombo tutaweka moshi," Luc alisema.

"Moshi ya nini?"

"Ya moteri, Maman. Batu bataona je kama kiko nakimbia?"

Adolphine akamshika mkono, akamtoa uani. Madeleine, mdogo wake, alikuwa anachoma mahindi huku akijifuta machozi.

"Angalia hii moshi. Mbona inapinda?"

"Upepo."

"Na mbona inakaa juu, inajikunja polepole, haikimbii?"

"Hewa inaibeba."

"Kule juu kabisa hewa iko?"

Luc akatazama juu, kule moshi ulikopotelea.

"Haiko," Adolphine akasema. "Gesi ikitoka kwenye bomba inafunguka kama upepeo na inakwenda moja kwa moja kule ilikotupwa. Haikunji kona kufuata chombo kama mukia ya ng'ombe. Weka mwanga kidogo, pale karibu na bomba. Kisha giza."

"Basi miye nitahamia huko juu nipike," Madeleine akasema toka motoni. "Macho yangu yapone."

Mara ya pili ilikuwa juu ya kusimama. Luc alitaka mchezaji akiachilia kifungo cha moteri, chombo kipunguze mwendo, kisimame, kama gari. Jumamosi iliyofuata Adolphine alimpeleka ziwani, chini ya mtaa wa Muhumba, akaomba mtumbwi kwa mtu anayemfahamu, akaujaza mawe. Walipofika mbali kidogo na ukingo akamwondolea kasia.

"Tupa mawe nyuma. Kwa nguvu."

Luc alitupa. Mtumbwi ukasogea mbele, jiwe kwa jiwe, mpaka jasho likamtoka.

"Sasa acha."

Mtumbwi ukateleza, ukateleza, ukasimama.

"Umesimama," Luc akasema, amefurahi.

"Nani ameusimamisha?"

Luc alitazama maji yaliyokuwa yanagusa ubao. Alitazama jiwe lililobaki mkononi. Adolphine aliona uso wake ukifunguka, na katika miaka yake yote ya ualimu hakuwa amependa kitu kuliko uso wa namna ile.

"Maji," Luc akasema. "Na kule juu haiko maji. Kwa hiyo kitaendelea tu. Nikitaka kusimama nitageuka, nitupe mawe mbele."

"Sasa umejua."

Ni vizuri kulikumbuka hilo, kwa sababu baadaye watu walimtetea Luc kwamba hakuelewa. Alielewa. Alilielewa kwa mikono yake mwenyewe, katikati ya ziwa.

Mchezo ulipokuwa tayari, Luc alimwita aje auone. Kioo cha mashine kilikuwa cheusi, na nyota chache. Juu kabisa, kwa herufi nyeupe, Luc alikuwa ameandika bila kuambiwa: SHERIA ZA MAMAN ADOLPHINE. Mama wa watu alijifanya hakuona. Alipofika Kasha alimwambia Madeleine kabla hajavua viatu.

Wateja wa kwanza walitukana. Ignace, muuza makayabu, samaki wa chumvi, wa soko la Kadutu, mtu mnene mwenye kelele, alikigonga kile chombo kwenye mwezi mara saba.

"Lakini hii kintu haina frein!" alipiga kelele. "Nani alitengeneza hii gari ya bila breki? Hata kamio ya Kamituga iko na frein!"

"Papa Ignace," Adolphine alimwambia, amesimama nyuma yake na mkoba kwapani, "geuza mugongo ya chombo. Choma moteri ukitazama kule unakotoka."

"Nitazame nyuma na niko naenda mbele? Miye niko mulevi?"

"Jaribu."

Akajaribu. Mara ya tatu chombo kilitua kwenye mwezi polepole kama kuku anayekaa juu ya mayai, na sale nzima ikalipuka kwa vigelegele. Toka siku ile, sokoni, mtu akishuka ngazi za Kadutu mbiombio na mzigo, wenzake walimwimbia: "Geuza mugongo! Geuza mugongo!"

Wale wanafunzi kumi na wawili walijifunza katika wiki mbili jambo ambalo Adolphine alikuwa amelikaririsha miaka mitatu. Laurette, msichana mwembamba aliyekaa siku zote karibu na dirisha, aliweza kuzunguka mwezi na kurudi kwa kuchoma moteri mara nne tu. Njia yote iliyobaki chombo kilikwenda chenyewe, kimya, gizani, bila alama nyuma.

Siku hiyo Adolphine alimkabidhi Luc mchezo. Karatasi haikuandikwa. Kwa Bashi, watu wa vilima hivi, mtu anaweza kumpa mwenzake ng'ombe amtunze, na neno linatosha: ndiyo bugabire.

"Luc, hii ni ng'ombe," alimwambia. "Maziwa, kunywa. Ikizaa, tutagawana. Lakini mutu habadilishi pembe za ng'ombe bila kuita mwenyewe."

Luc aliinama kidogo, akapiga makofi matatu ya taratibu, kama apigavyo mwanamume anapopokea ng'ombe.

"Aksanti, Maman. Nimepokea."

Sasa, katika jambo hilo kuna adabu yake. Ukishampa mtu ng'ombe, huendi kuchungulia zizi. Kwenda kuhesabu maziwa ni kumwambia mtunzaji mbele ya majirani kwamba yeye ni mwizi. Yeye ndiye anakuja kwako: ng'ombe amezaa, ng'ombe anaumwa, na hata akifa, analeta ngozi uione. Luc alikuja. Jumapili mbili, tatu, nane. Alikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, akaeleza nani alitua na nani alianguka. Baadaye Jumapili zikaanza kuruka. Adolphine alisema, kijana ana kazi.

Mwaka wa 2001 ulianza vibaya. Siku za mji kufa, mji mzima umegoma, zilifuatana, maduka yamefungwa, risasi usiku, na shule ikafungwa wiki baada ya wiki. Adolphine akapanga na Luc kwa barua: asubuhi sale iwe ya wanafunzi wake, mchana ya wateja. Aliwaambia wale kumi na wawili:

"Musikariri. Chezeni mpaka mikono ijue. Kichwa mukiogopa kinasahau. Mukono hausahau."

Madeleine hakupenda.

"Yaya, mukubwa wangu, ni miezi miwili hujaenda Kadutu. Enda ukaone."

"Nikaone nini?"

"Sijui. Ndiyo maana banasema enda ukaone."

"Nikienda nitamutukana Luc."

"Ng'ombe ni ng'ombe, Yaya. Ile ni mashine."

"Neno ni neno," Adolphine akasema, na alipokuwa anasema hivyo kidevu chake kilipanda juu, na Madeleine alijua hakuna la kuongeza.

Mtihani ulifika Julai. Siku ya fizikia Adolphine alisimama nje ya lango toka saa mbili, jua likimpiga, hakukubali kiti. Charlène, mmoja wa wale kumi na wawili, ndiye aliyetoka wa kwanza, anakimbia, daftari juu ya kichwa.

"Maman! Fizikia ilikuwa ya bure! Ile chombo ilitoka kwetu Kadutu!"

Wengine wakamzunguka, wote wanasema mara moja. Kulikuwa na mchoro, walisema, chombo kiko mbali na nyota zote, moteri inazimwa, na maswali manne yote yananing'inia kwenye mchoro ule mmoja.

"Na mulijibu nini?"

"Si kinapunguza mwendo!" Charlène alicheka. "Kinapunguza, kinasimama. Na gesi yake inapinda kufuata njia."

Adolphine alidhani ni mzaha. Alitazama nyuso. Hakuna aliyekuwa anatania.

"Weye, Philémon?"

"Kinasimama, Maman."

"Weye?"

"Kinasimama."

Aliwauliza wote, mmoja baada ya mwingine, na kila jibu lilimwingia kama mwiba mahali palepale. Laurette alikuwa wa mwisho, amekaa kando.

"Miye nilianza kuandika kinaendelea," Laurette akasema. "Kisha nikafuta."

"Mbona ulifuta?"

"Kwa sababu weye ulibadilisha."

"Miye nilibadilisha nini?"

Laurette akaanza kusokota mkono wa blauzi. "Ilikuwa mbele ya Pasaka. Asubuhi moja tulifika, chombo kiko na moshi, moshi nyekundu mingi, na ukiachilia kifungo kinasimama. Miye nikamuuliza Luc. Akasema Maman Adolphine ameona kosa lake, amesahihisha yeye mwenyewe. Na jina lako lilikuwa pale juu, Maman. Sawa na zamani."

Adolphine aliwaambia waende nyumbani wakale. Sauti ilikuwa ya kawaida. Kisha akaanza kutembea, na watu waliomsalimia njiani siku ile wanasema hakuitikia, yeye ambaye aliitikia hata walevi. Alipanda njia za Kadutu bila kupumzika, miaka hamsini na tatu mgongoni, akijiambia kwamba mtoto amechanganya, Laurette amechanganya, akifika atakuta kioo cheusi kilekile.

Sale ilikuwa imejaa. Kwenye mashine ya kwanza alikaa askari, kofia magotini. Chombo kilikuwa kinakata kona, na nyuma yake mkia wa moshi mwekundu ulijipinda, mnene, unafuata kila kona kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi. Askari akaachilia kifungo. Chombo kikapunguza mwendo, kikasimama, kizuri, kitiifu. Juu yake: SHERIA ZA MAMAN ADOLPHINE.

Alisoma jina lake mara mbili, kama mtu anayesoma jina lake kwenye msalaba wa kaburi.

"Maman!" Luc akaruka kutoka mezani. "Ungetuma mutu, ningekutayarishia kiti."

"Tutoke."

Nyuma ya nyumba ndiko groupe ilikokuwa, ile mashine ya kutoa umeme, inanguruma mtu asisikie sauti yake. Kwa hiyo ilibidi wapige kelele, na kwa sababu walipiga kelele, soko lilisikia.

"Nani aliweka moshi?"

"Maman, batu balikuwa banaondoka! Kule chini mutu moja ameleta muchezo ya bazungu, bile vyombo biko nawaka kama mulima ya moto ya Nyiragongo. Hapa banakuta giza! Komanda moja alisema chombo bila moshi ni chombo cha maskini. Alipiga meza ngumi, kifungo kikavunjika. Nifanye je?"

"Ungekuja Kasha!"

"Ungekataa!"

"Ningekataa, ndiyo! Halafu ungeniambia, Maman, miye nachukua yangu, na ungeweka moshi yako, na frein yako, na jina YAKO!"

Luc akasema jambo ambalo Adolphine alilibeba mpaka mwisho, kwa kuwa lilikuwa la kweli.

"Bila jina lako wazazi basingetuma batoto asubuhi."

Groupe iliendelea kunguruma. Ignace, aliyesikia toka kwenye makayabu yake, alikuwa amesimama kwenye kona, mikono imejaa chumvi.

"Na Laurette alipokuuliza?" Adolphine akasema, sasa polepole, hata Luc akalazimika kusogea karibu. "Ile asubuhi. Mutoto alikuuliza kintu ya kweli. Ulikuwa na nafasi ya kusema ni miye Luc."

"Niliogopa atakuambia."

"Nipe disketi ya kwanza. Ile ya giza."

"Haiko. Disketi ziliisha. Niliandika juu yake."

"Ng'ombe ikikufa, mutu analeta ngozi."

"Nimekosa, Maman." Alikuwa analia, na machozi yalikuwa ya kweli, Adolphine hakuwahi kusema vinginevyo. "Nitafanya je? Uniambie, nitafanya."

Alimwambia. Jumapili, baada ya misa, wale kumi na wawili watakuwa Kasha. Luc aje. Asimame mbele yao, aseme kwa kinywa chake nani alibadilisha. Hakuna kingine. Karatasi za mtihani zimekwisha kwenda, haziwezi kurudi. Lakini mtoto anaweza kushindwa mtihani na bado akajua kwamba aliyemfundisha hakumdanganya.

"Nitakuja," Luc akasema. Akapiga makofi matatu.

Jumapili Madeleine alipika maharagwe na bugali kwa watu kumi na watano. Viti viliazimwa kwa majirani. Wanafunzi walikuja wote, wamevaa vizuri, hawajui wameitiwa nini; Adolphine hakutaka kuwaambia, alitaka walisikie mahali lilipotoka. Saa tano. Saa sita. Mvua ikaanza. Chakula kikaliwa. Kila mara jiwe likigongwa njiani Adolphine alinyoosha kitambaa chake.

Saa nane akaja Ignace, amelowa.

"Maman Adolphine, musimungoje. Luc alipanda boti ya Goma asubuhi. Na mashine zote mbili."

Hapo ndipo alilazimika kuwaambia mwenyewe. Aliwaeleza kwa maneno machache. Moshi ulikuwa wa Luc, kusimama kulikuwa kwa Luc, jina tu ndilo lilikuwa lake. Kisha Charlène, ambaye hakuwa mtoto mbaya, ambaye alikuwa ameumia tu, akasema akitazama sahani:

"Ama ni kweli ulibadilisha, Maman, na sasa unaona haya."

"Charlène!" Madeleine akasimama na mwiko mkononi.

"Muache," Adolphine akasema.

Angeweza kuapa. Kulikuwa na Biblia kwenye kabati, hatua tatu. Lakini mwalimu anayeapa mbele ya wanafunzi wake kwamba hasemi uongo amekwisha kushuka kwenye ubao, na binti Zagabe hakuwa amezoea kulala kifudifudi. Akanyamaza. Siku nyingine alijiuliza kama kile kilikuwa kiburi. Madeleine alisema ndiyo.

Majibu yalisomwa redioni mwezi wa tisa. Watano walipita, saba hawakupita. Laurette alipita kwa asilimia hamsini na mbili. Philémon, mvulana wa katikati ya darasa, alikosa kwa alama tatu. Hakungoja mwaka mwingine. Kabla ya Noeli alikuwa amevaa buti za jeshi, na salamu zake za mwisho zilitoka upande wa Shabunda. Baba yake alikutana na Adolphine njiani, akavua kofia, akampita bila neno. Angetukana ingekuwa nafuu.

Shuleni, sista mkuu alimwomba kwa upole apumzike kidogo na mwaka wa sita. Kwa hiyo aliwaita nyumbani wale sita waliobaki kati ya saba wasiopita, Charlène akiwa mmoja wao, awafundishe mwenyewe Jumamosi. Walikuja, kwa heshima. Lakini kila alipoandika kitu sakafuni aliwaona wakitazamana. Siku moja, aliposema jiwe zito na jiwe jepesi huanguka sawa pasipo hewa, mmoja akanong'ona, "Hii ni ya Maman ama ni ya Luc?" na wengine wakacheka kidogo, kisha wakaona haya. Adolphine akafuta alichoandika, akawaambia waende. Wiki tatu hakuwaita.

Wiki ya nne akamtuma Madeleine amlete Laurette. Msichana alikuja na hofu, akidhani ameitwa kulaumiwa. Adolphine alimkalisha, akampa chai, akasubiri anywe nusu.

"Bale sita utabafundisha weye."

"Miye?" Kikombe kikagonga sahani. "Maman, miye ndiye nilifuta jibu la kweli."

"Ndiyo sababu nakuita. Bale wengine hawakuona kintu. Weye uliona. Uliona, ukauliza, bakakupa jina langu, ukanyamaza. Sasa unajua mahali mutu anafungwa mudomo."

Adolphine akasogeza kiti chake karibu.

"Sikiliza kazi yenyewe. Kila siku unayobafundisha, ndani ya somo, weka uongo moja. Moja tu, mwenye kuvaa vizuri. Uuseme kama unavyosema mengine. Bajue kwamba iko, basijue ni gani. Hakuna mutu anatoka mpaka waukamate, na anayeukamata akuonyeshe kwa kintu: kwa maji, kwa kamba, kwa jiwe. Si kwa kusema fulani alisema."

"Na bakisema Maman Adolphine alisema?"

"Uwaulize alionyesha je. Kama hajaonyesha, nalo bafute."

"Na basipoukamata mpaka giza?"

"Walale kwenu. Mama yako ni mutu mwema, atapika."

Toka jikoni Madeleine akacheka, mara ya kwanza toka Jumapili ile ya mvua. Laurette alikuwa anazungusha kikombe, na Adolphine aliona kwamba tayari anatafuta uongo wa kwanza; midomo ilikuwa inasogea.

"Nianze lini, Maman?"

"Kesho. Na upite kwanza kwa Charlène. Yeye hakuniamini hata mbele ya uso wangu. Umuweke mbele."